Uzi wa Kioo Katika Kilindi

Mvuvi wa mshipi hana haja ya kufundishwa maana ya mawasiliano. Hukaa ngalawani, mshipi ameupitisha juu ya kidole cha shahada, na kwa kidole hicho hupokea habari za mahali ambapo jicho lake haliwezi kufika. Hujua kuwa chubwi imegusa chini. Hujua kama chini hapo ni mchanga au mwamba, na kama samaki anadonoa tu au amekwisha meza chambo. Mshipi ukikatika, habari zote zimekatika, hata kama samaki yungali pale pale. Manahodha wa zamani nao walikuwa na bildi yao, kamba yenye risasi mwishoni, wakaiteremsha na kuhesabu pima kabla ya kuingia katika mlango wasioujua.

Tumeanza na mshipi na bildi kwa makusudi. Jambo tunalotaka kuwaeleza wasomaji wetu leo ni la ufundi wa kisasa, lakini asili yake ni hiyo hiyo: mtu aliye juu ya maji, kitu kilicho chini ya maji, na kamba inayowaunganisha. Tofauti ni kwamba kamba ya leo ina uzi wa kioo ndani yake, na mwisho wake hapana ndoana wala risasi, bali kipo chombo chenye taa, kamera na mikono ya chuma. Wengine hukiita roboti. Sisi tutakiita chombo cha kamba, kwa maana kamba ndiyo uhai wake.

Wananchi wa visiwa hivi hawajasahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Meli ya Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika bahari ya Nungwi ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Waliookolewa waliokolewa, na miili kiasi cha 200 ilipatikana na kuzikwa. Lakini tume iliyoundwa baada ya msiba ilihesabu waliopotea kwa zaidi ya elfu moja. Wapiga mbizi walikuja kutoka Afrika Kusini kusaidia, watu hodari wa kazi yao, lakini kina na mikondo viliwazuia. Meli ilikuwa imelala katika maji ya mamia ya mita, mahali ambapo mtu mwenye mtungi wa hewa mgongoni hana njia ya kwenda na kurudi akiwa salama.

Hatuandiki haya ili kufukua makaburi. Twayaandika kwa sababu wako waliobaki bila kaburi la kuzuru. Mtu anapopotea baharini na mwili wake usionekane, msiba hauishi kwa matanga. Mke hajui lini aanze kukaa eda. Warithi hawajui lini wagawane mirathi. Mama huacha mlango bila komeo kwa miaka. Kuona kwa macho mahali meli ilipolala, hata kama hakuna kinachoweza kupandishwa juu, ni jambo kubwa kwa walio hai. Tena ni jambo kubwa kwa sheria, kwani meli yenyewe ni shahidi. Jinsi ilivyolala, milango yake ilivyo, shehena ilivyohama, yote hayo hueleza kilichotokea, endapo yupo awezaye kwenda kuyatazama.

Hapo ndipo chombo cha kamba kinapoingia. Chombo hakivuti pumzi, hakiogopi giza, wala hakihitaji kupandishwa polepole kama mpiga mbizi. Katika kila mita 10 za kwenda chini, maji huongeza kanieneo sawa na ile ya hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 300, basi, mzigo ni mara 31 ya ule tunaouzoea nchi kavu. Mwili wa mwanadamu unaweza kuyahimili hayo kwa matayarisho marefu na vifaa vya gharama kubwa, lakini chuma kilichotengenezwa vyema huyahimili kwa siku nzima. Aliye melini hukaa mbele ya kioo cha picha, mkono wake juu ya usukani mdogo, na chombo humtii.

Msomaji atauliza: kwani lazima kamba? Leo simu husema bila waya, na ndege zisizo na rubani huruka angani bila kufungwa na kitu. Jibu ni kwamba bahari si hewa. Mawimbi ya redio, yale yanayobeba sauti ya simu na picha ya televisheni, humezwa na maji ya chumvi baada ya masafa mafupi mno. Nuru nayo haiendi mbali, kwani kupita mita 200 hata jua la mchana haliachi ila kiza. Kinachokwenda mbali ndani ya maji ni sauti, na nyangumi wanalijua hilo tangu zamani. Lakini sauti huenda mita 1,500 tu kwa sekunde, na haiwezi kubeba habari nyingi kwa wakati mmoja. Kwa sauti, chombo kinaweza kupewa amri fupi na kurudisha jibu fupi. Kuleta picha safi inayotembea, mfululizo, ili rubani aliye juu aone anakoelekea, ni kazi inayoishinda.

Kwa hiyo wahandisi walirudi kwenye kamba. Kwanza walitumia nyaya za shaba. Shaba ilifaa na ingali inafaa kwa vyombo vidogo vyenye kamba fupi. Lakini kamba inaporefuka, shaba huonyesha udhaifu wake: ishara za picha hufifia njiani, na umeme wenye nguvu unaopelekwa chini kuzungusha mashine huzichafua ishara zilizo jirani yake. Kuongeza unene wa shaba ili kutibu ugonjwa huo ni kuongeza uzito, na kamba nzito huhitaji meli kubwa ya kuibeba.

Uzi wa kioo, au faiba kama vijana wetu mafundi wa simu wanavyouita, ndio uliotatua shida hiyo. Ni uzi wa kioo safi ajabu, ambao unene wake ni kama thumuni ya milimita. Katikati yake mna kiini chembamba zaidi, na nuru ikiingizwa katika kiini hicho haitoki nje, bali hurudishwa ndani kila inapogusa ukingo, ikaenda nao uzi unapokwenda. Nuru hiyo husafiri karibu kilometa 200,000 kwa sekunde, na hupoteza nusu ya nguvu zake baada ya kilometa 10 hadi 15 hivi. Bahari yenye kina kikubwa kuliko zote duniani haifiki kilometa 11. Maana yake ni kuwa uzi mmoja unaweza kuleta habari kutoka kilindi chochote kilichopo ulimwenguni.

Tena nuru haidhuriki na umeme. Waya wa nguvu na uzi wa kioo vinaweza kulala pamoja ndani ya kamba moja bila ugomvi. Na kwa kuwa nuru ina rangi, ingawa rangi zitumiwazo hapa hazionekani kwa jicho la mwanadamu, uzi huo huo mmoja unaweza kuteremsha amri kwa rangi moja na kupandisha picha kwa rangi nyingine, nyakati hizo hizo. Rubani akisema kushoto, chombo hugeuka kushoto mara hiyo, na picha ya kugeuka kwake imekwisha fika juu.

Wananchi wetu si wageni wa uzi huu, ijapokuwa huenda hawakuufikiria kwa namna hii. Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka uliofuata, ulikuwa ni uzi wa kioo uliolazwa chini ya bahari. Na mwezi wa Mei 2024, mikongo hiyo ilipokatika katika bahari ya Afrika Kusini, mabenki, maduka na maofisi ya pwani yetu yote yaliona jinsi uzi mwembamba kama unywele wa singa unavyoweza kusimamisha shughuli za nchi. Uzi wa chombo cha kamba ni ndugu wa uzi huo. Mmoja umelala tuli juu ya mchanga, na mwingine unaning'inia, unavutwa, unakunjwa na kukunjuliwa kila siku ya kazi.

Sasa na tutazame wengine waliutumiaje. Mabaki ya meli ya Titanic yaligunduliwa tarehe 1 Septemba 1985, katika kina cha karibu mita 3,800. Mwaka uliofuata Bwana Robert Ballard na wenzake wa taasisi ya Woods Hole ya Marekani walirudi na chombo kidogo kilichoitwa Jason Jr., kilichofungwa kwa kamba yenye uzi wa kioo kwenye nyambizi iliyochukua watu. Nyambizi ilitua nje, na kile kidogo kikaingia ndani ya meli kwa njia ya ngazi kuu, mahali ambapo haingekuwa busara kumpeleka mwanadamu. Mwaka 1988 alikuja Jason mkubwa, anayeongozwa moja kwa moja kutoka melini, na mwaka 1989 picha zake kutoka bahari ya Mediterania zilirushwa kwa setilaiti hadi Marekani, watoto wa shule kwa maelfu wakazitazama papo hapo.

Wajapani nao walikuwa na chombo chao, Kaiko. Machi 1994 kiliteremshwa katika shimo la Mariana, na kilipobakiza kama mita 2 tu kugusa chini, kamba ilipata hitilafu na picha zikapotea. Fikirini safari ya karibu kilometa 11 inayovunjika pima moja kabla ya kufika, si kwa sababu chombo kimeharibika, bali kwa sababu habari zake hazifiki tena. Walikipandisha, wakatengeneza kamba, na tarehe 24 Machi 1995 kikatua chini kwenye mita 10,911. Miaka minane baadaye, tarehe 29 Mei 2003, kamba ya pili iliyokiunganisha Kaiko na kituo chake cha chini ya maji ilikatika karibu na kisiwa cha Shikoku, wakati tufani ikikaribia. Chombo kilichokuwa kimefika mwisho wa bahari hakikuonekana tena.

Wamarekani wakajaribu njia nyingine. Nereus, iliyofika mita 10,902 katika shimo hilo hilo tarehe 31 Mei 2009, ilichukua betri zake yenyewe, na kwa hiyo haikuhitaji kamba ya kupelekewa umeme. Ilijifungulia uzi wa kioo mtupu, mwembamba kama unywele, wa kupeleka habari tu. Uzi ukikatika, chombo kilikuwa kimefundishwa kurudi juu chenyewe. Hata hivyo, bahari ina siri nyingi. Tarehe 10 Mei 2014, katika shimo la Kermadec upande wa New Zealand, Nereus ilipotea ikiwa karibu na kina cha mita 9,900, na vipande vyake vikaelea juu.

Kwa nini tumeyataja mambo ya watu wa mbali? Kwa sababu yana somo ambalo mnunuzi wa vifaa vya serikali hana budi kulisoma kabla ya kutia sahihi. Katika habari hizi, taa na kamera havikuwa tabu kubwa. Kwa Kaiko, mara zote mbili, tabu ilikuwa kamba. Chombo cha kamba ni imara kadiri kamba yake ilivyo imara, na kamba ni imara kadiri walinzi wake walivyo hodari.

Hebu tuchukue mfano wa hapa kwetu. Kamba yenye nguvu inayotumiwa na chombo kama Jason, iliyosukwa kwa nyaya za chuma kwa nje, ina unene wa milimita 17 hivi. Tukiiteremsha mita 800, ambazo ni kiasi cha kina cha mkondo wa Pemba, basi upande wa kamba hiyo unaokabili maji ni zaidi ya mita 13 za mraba. Kila baharia ajua maana yake: ni tanga, na tanga hilo limetwekwa ndani ya maji, si katika upepo. Mkondo wa pwani yetu, unaokwenda kaskazini na kushika kasi zaidi wakati wa kusi, utalijaza tanga hilo na kumvuta chombo asifike anakotakiwa. Nahodha asiyeijua bahari hii atapoteza siku nzima akipigana na kamba yake mwenyewe. Ndiyo maana uzi wa kioo una thamani ya pili, nayo ni wembamba: unapunguza unene wa kamba, na kila milimita inayopungua hupunguza tanga.

Tena uzi wa kioo ni kioo. Ukiukunja sana, nuru huvuja, na ukiukunja zaidi, huvunjika. Kamba ikijifunga fundo wakati meli inapopanda na kushuka kwa mawimbi, kwa nje itaonekana nzima, lakini ndani imekufa. Pale kwenye winchi mna kiungo kinachozunguka, ambacho huipitisha nuru kutoka pipa linalozunguka kwenda kwenye vyombo vilivyosimama, na tone la maji au chembe ya uchafu katika kiungo hicho inatosha kupofusha kazi yote. Mwisho wa kamba, unapoingia kwenye chombo, huchakaa mapema kuliko pengine, na lazima ukatwe na kuungwa upya mara kwa mara. Kuunga uzi wa kioo ni kuzichonga ncha mbili sawasawa, kuzikabilisha na kuziyeyusha kwa cheche ya umeme zikawa kitu kimoja.

Na hapa ndipo tunapoona jambo la kutia moyo. Kazi hiyo ya kuunga faiba, ambayo msomaji anaweza kuidhania ya Ulaya, inafanywa kila siku katika mitaa yetu na vijana wetu. Tumewaona wamekaa kando ya barabara chini ya mwavuli, kisanduku cha kuungia mapajani, wakirudisha mawasiliano ya mtaa uliokatikiwa na mchimba mtaro. Nusu ya ufundi wa chombo cha kamba tayari iko mikononi mwao. Nusu ya pili iko kwa mabaharia na wavuvi, ambao wamerithi elimu ya kamba, mikondo na mawimbi. Kilichobaki ni kuwakutanisha hao wawili katika chombo kimoja na kuwapa mwalimu.

Wako watakaosema kwamba visiwa vyenye haja ya dawa na madawati havina haki ya kufikiria roboti za baharini. Hoja hiyo si ya kubezwa, nasi tunaijibu kwa heshima. Kwanza, hatupendekezi chombo cha kufikia shimo la Mariana. Vipo vyombo vidogo ambavyo watu wawili huvibeba kwa mikono, navyo hufika mamia ya mita. Kwa maji yetu mengi, hivyo vyatosha kwa kuanzia. Pili, chombo hicho hakitakaa ghalani kikingojea msiba. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya uliolazwa baharini, na wananchi hawajasahau kiza cha miezi mitatu hivi kilichoanza Desemba 2009. Pemba nayo ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010, unaovuka ule ule mkondo wenye kilindi. Nguzo za bandari, matumbawe na mikongo ya simu, vyote hivi vinahitaji macho chini ya maji, mwaka hata mwaka, kabla havijaharibika.

Tatu, kuna elimu. Mwaka 2007 watafiti kutoka Japani waliteremsha chombo cha namna hii katika bahari ya Tanga, wakapiga picha samaki silikanti wakiogelea katika makazi yao. Ni samaki ambaye wataalamu walidhani alikwisha toweka zama za kale, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938 na kisha Komoro mwaka 1952. Wavuvi wa Komoro walikuwa na jina lake tangu zamani, wakimwita gombesa. Mwaka 2009 mmoja alivuliwa karibu na Nungwi. Samaki huyo ni jirani yetu, lakini waliomwona akiwa hai nyumbani kwake walitoka mbali. Taasisi ya Sayansi za Bahari iko hapa hapa Unguja, na wanafunzi wake wanastahili kumtazama jirani yao kwa chombo chao wenyewe.

Nne, kuna kazi. Gesi iliyogunduliwa tangu mwaka 2010 katika bahari ya kusini mwa Tanzania imo chini ya maji ya kina kikubwa, mahali ambapo hakuna mpiga mbizi. Visima katika kina kama hicho havichimbwi wala kutunzwa bila vyombo vya kamba. Siku kazi hiyo itakapopamba moto, marubani wa vyombo hivyo watatakiwa kwa wingi. Tukiwa hatuna waliofundishwa, watakuja wengine kuifanya, na vijana wetu watabaki kubeba mizigo gatini.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa Serikali, na hasa kwa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi na kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini, kuhusu mambo manne.

La kwanza, chombo kinunuliwe pamoja na kamba ya akiba. Bajeti yenye chombo kimoja na kamba moja ni bajeti ya safari moja. Tumeona mara nyingi mashine nzuri ikilala kwa kukosa kipuri kidogo, na hapa kipuri si kidogo, bali ndicho roho ya kazi.

La pili, wachaguliwe vijana kutoka mafundi wa faiba na kutoka mabaharia, wafundishwe pamoja, kisha wapewe ajira ya kudumu. Mtu aliyefundishwa kwa gharama ya umma kisha akahamishiwa dawati la karatasi ni hasara isiyoandikwa katika vitabu vya hesabu.

La tatu, mazoezi yafanywe kila mwezi, kusi na kaskazi, usiku na mchana. Chombo kinachotolewa sandukuni siku ya msiba hakitafaa. Wale wenye kumbukumbu ya Likoni wanajua. Mwaka 2019 gari lilipotumbukia kutoka kwenye feri katika kivuko hicho cha Mombasa, ilichukua siku 13 kulipandisha kutoka kina cha mita 58 hivi. Tena pale palikuwa mlango wa bandari, palipo na meli, vifaa na watu wa kila ujuzi. Kila siku iliyopita ilikuwa mwaka mzima kwa jamaa waliokuwa wakingoja ukingoni.

La nne, ushirikiano. Bahari hii ni moja, kutoka Lamu hadi Komoro. Haitakuwa busara kila bandari kununua chake na kila kimoja kikose kamba. Tanga, Mombasa, Unguja, Pemba na Mafia zinaweza kukubaliana nani ana nini, nani ataitwa lini, na kwa saa ngapi atafika.

Lakini tusieleweke vibaya. Chombo cha kutazama meli iliyozama si badala ya kuizuia isizame. Ujuzi wote wa nuru na kioo hauwezi kumrudisha abiria mmoja aliyepandishwa juu ya meli iliyokwisha jaa. Jambo la kwanza litabaki kuwa hesabu ya abiria langoni, maboya ya kujiokolea ya kuwatosha watu wote, na afisa mwenye ujasiri wa kusema meli hii haitoki. Chombo cha kamba ni cha pale ambapo, pamoja na juhudi zote, bahari imechukua. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba bahari haichukui na ukweli pia.

Zimepita siku nyingi tangu Septemba ile ya 2011. Waliokuwa watoto wa maziwa sasa ni vijana, na baadhi yao hawana kumbukumbu ya baba wala mama ila picha ukutani. Wakiuliza wazazi wao walilala wapi, huonyeshwa upande wa Nungwi, na mkono unaoonyesha hauna hakika. Mvuvi mwenye mshipi wake, ngalawani, ana hakika zaidi ya kilicho chini yake kuliko sisi tulivyokuwa na hakika ya ndugu zetu. Hilo si jambo la kuliacha liendelee. Uzi upo, mafundi tunao, na mabaharia tunao. Kinachongojewa ni uamuzi.